Mara Tatu kwa Mzee Tibor

Jumapili, 4 Septemba 2016

Leo ni mwanzo wa Eluli. Asubuhi tumepuliza baragumu la pembe ya kondoo kwa mara ya kwanza mwaka huu, na mvua ikapiga bati la sinagogi kwa nguvu hata nusu ya watu hawakusikia kitu. Tulikuwa kumi na wawili tu. Bwana Ajzner, mwenyekiti wetu, akasema, "Rabi, leo hata Mungu ameuliza kama hiyo ni pembe au ni bomba la mvua." Nilicheka na wenzangu, ingawa roho yangu iko juu. Huu ndio mwezi wa kumwendea kila uliyemkosea na kumwomba msamaha kabla ya Siku ya Upatanisho, na mtu wa maneno mengi kama mimi orodha yake huwa ndefu.

Naandika kwa sababu mikono imekosa kazi. Mama alifariki Novemba iliyopita, na kwetu aliyefiwa na mzazi hasikilizi muziki miezi kumi na miwili. Mandolini yangu iko juu ya kabati. Nikienda sokoni naziba masikio kwenye kila duka lenye spika. Hata redio nataka habari tu, lakini kabla ya habari wanapiga kile kimuziki chao, kwa hiyo nashusha sauti, na nikiipandisha nakuta habari ya kwanza imeshapita. Yonina, mke wangu, anasema mwaka huu nimejua kila kilichotokea Australia isipokuwa mambo makubwa.

Kilichonibakia ni sauti ya Mzee Tibor Lichtmann. Sala haihesabiwi kuwa muziki, na Mzee Tibor ndiye anayetuongoza sala kwa kuimba, mwaka wa thelathini na nane sasa. Kwa makaratasi ana miaka sabini na minane. Anapofungua kinywa Sabato asubuhi, mimi nakaa nikiila sauti hiyo mpaka nashiba. Bila yeye ningeshapasuka zamani.

Jumatatu, 5 Septemba

Mvua. Yule ndege mweusi mwenye mabaka meupe anayelinda kiota karibu na kituo cha tramu amenidonoa kichwani tena.

Alhamisi, 8 Septemba

Siwezi kukaa kitako. Siku nzima redio inazungumzia wale watu waliokuja kwa mashua na wamefungiwa visiwani huko mwaka wa tatu, wengine na watoto wao. Katika sinagogi letu, nusu ya watu ni watoto wa wakimbizi na nusu nyingine ni wakimbizi wenyewe, lakini uwasikie wakinywa kahawa! "Sisi tulikuja na makaratasi, Rabi. Sisi tulipanga foleni." Leo Ajzner amenipigia simu.

"Rabi wangu, Jumamosi hii tupe Torati. Siasa tuna magazeti."

"Torati inasema mpende mgeni."

"Inasema pia usiwachoshe watu kabla ya chakula."

Nilikata simu nikiwa nimepandwa na hasira, na katika hasira hiyo ndipo nilipokumbuka kisa cha Mzee Tibor.

Wiki ile nilipokuwa nimekaa kwenye kigoda kumwomboleza Mama, Mzee alikuja akakaa nami. Wengine wote walipoondoka akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe. Yeye si Tibor. Alizaliwa Ervin. Wazazi wake waliuawa vitani, akachukuliwa na baba yake mkubwa, Yehiel, na mkewe. Hao walikuwa na mtoto wao mmoja, Tibor, aliyemzidi Ervin mwaka mmoja. Wakati wanasubiri kambini Austria wakapata ruhusa ya kuja Melbourne: baba, mama na mtoto mmoja. Kabla ya kusafiri Tibor akaugua koo, akafa. Basi wakamchukua Ervin, mtoto wa miaka kumi, wakamvika koti la marehemu na jina la marehemu, wakapanda naye meli. Hapa akasomeshwa Torati mbele ya watu na kuitwa mtu mzima akiwa na miaka kumi na miwili, mwaka mzima kabla ya wakati wake, kwa sababu makaratasi yalisema ametimiza kumi na mitatu. Mpaka leo tukimwita mbele ya Torati tunamwita kwa jina la Kiebrania la yule mwingine, Naftali bin Yehiel.

Hebu niambie, kuna kisa gani kingine cha kuwafunga mdomo wale wa "sisi tulikuja na makaratasi"?

Nimemwambia Yonina kwamba nitakitumia. Ameweka kisu chini.

"Alikwambia wewe, au aliliambia sinagogi?"

"Sitataja jina."

"Mhm."

Nimemwambia "mhm" si hoja. Akasema tena, "Mhm."

Jumapili, 11 Septemba

Mahubiri ya jana yalikwenda vizuri kuliko yote niliyowahi kutoa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndicho kinachonisuta.

Nilisema: kuna mmoja kati yetu, yuko humu ndani sasa hivi, aliyeingia nchi hii kwa jina la mtoto aliyekufa. Makaratasi yake yalikuwa ya uongo tangu mstari wa kwanza. Kama yule ofisa wa bandarini angeyachunguza vizuri, mwenzetu huyu asingekuwepo. Nikaongeza habari ya kusomeshwa Torati na miaka kumi na miwili, maana nilijua itawagusa. Iliwagusa kweli. Bi Frania, anayekaa safu ya mbele upande wa wanawake, alitoa leso. Ajzner alitazama viatu vyake. Nikajiona mwamba.

Baadaye kwenye ukumbi, kwenye samaki wa chumvi na keki ya mbegu za mpopi, ukaanza mchezo wa kubahatisha. "Ni Szmul, nilijua tu, yule hajawahi kukumbuka siku yake ya kuzaliwa." "Szmul gani! Ni mume wa Frania." "Mume wangu?" akasema Bi Frania. "Mume wangu hata angepewa jina la mtu mwingine angelipoteza njiani." Kicheko kikatanda ukumbi mzima. Majina sita yalitajwa, na la Mzee Tibor halikuwemo.

Nikamtafuta kwa macho nimpe ishara kwamba siri iko salama. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kikombe mkononi. Alikiweka kwenye ukingo wa dirisha bila kunywa, akavaa kofia, akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Leo asubuhi hakuja kwenye sala.

Jumanne, 13 Septemba

Nimekwenda kwake. Bi Klári, mkewe, alifungua mlango na hakuniambia karibu, akarudi jikoni tu akaacha mlango wazi. Mzee alikuwa mezani anamenya chungwa.

"Mzee Tibor," nikasema, "nimekuja kuomba msamaha. Nilichukua siri yako nikaifanyia kazi."

"Sina cha kusamehe, Rabi. Mahubiri yalikuwa mazuri. Kila mtu amesema."

"Hakuna aliyejua kuwa ni wewe."

"Hilo nalo ni zuri."

Aliendelea kumenya. Ganda lote lilitoka zima, mviringo mmoja. Nikangoja anikaribishe kipande, hakunikaribisha.

"Jumamosi utatuimbia?"

"Tafuteni mwingine. Koo langu limechoka."

"Na Siku ya Upatanisho? Ile sala ya jioni ya kufuta nadhiri? Mzee, watu wanakuja toka mbali kwa sala hiyo moja tu."

"Tafuteni mwingine," akasema tena, kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ndiyo iliyoniuma. Angenitukana ningerudi nyumbani nikalala.

Jumatano, 14 Septemba

Mvua. Hajaja.

Jumapili, 18 Septemba

Jana Ajzner ndiye aliyeimbisha sala. Ana moyo mzuri, ana sauti ya mlango wa gereji. Mimi mwenyewe sifai, sauti yangu ni mbovu, tena mwenye msiba hatangulizwi mbele siku za furaha. Nilisimama pale kama mtu aliyenyimwa chakula. Miezi kumi nimevumilia bila muziki kwa sababu kila Sabato kulikuwa na Mzee. Sasa hata hicho nimekikata kwa mkono wangu.

Watu wanauliza Mzee ana nini. Nasema koo. Huo ni uongo, na niko katikati ya Eluli, naongeza orodha badala ya kuipunguza.

Alhamisi, 22 Septemba

Mungu anisamehe, maana leo nimefanya ujinga ambao msomi tu ndiye anayeweza kuufanya.

Sheria yetu iko wazi. Uliyemkosea akikataa kukusamehe, mrudie mara ya pili na ya tatu, na uende na watu watatu, waone kwamba umeomba kweli. Nimeifundisha sheria hii miaka ishirini. Jana usiku niliisoma tena, nikaona jawabu ndilo hili hapa. Asubuhi nikamchukua Ajzner na ndugu wawili kutoka kwenye sala, watu wazima wenye heshima zao. Nikawaambia, "Kuna mtu nimemkosea, nahitaji mashahidi, msiulize." Wakapanda gari. Mvua ilikuwa inamwagika.

Bi Klári alipofungua akatuona wanne kwenye baraza, tumevaa makoti meusi, tunachuruzika maji. Akashika mlango.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Bi Klári. Nimekuja kumwomba mzee msamaha. Kwa ile… kwa yale mahubiri."

Nilipolitamka neno hilo tu, nikasikia Ajzner nyuma yangu akivuta pumzi. Nikageuka. Alikuwa anamtazama Mzee Tibor, aliyekuwa ametokea kwenye ukumbi mdogo na sweta lake la kijivu. Ajzner naye ana miaka sabini na minane. Walikuwa darasa moja. Alikuwepo siku ile Tibor aliposomeshwa Torati mwaka 1951.

"Ile suruali," akasema Ajzner polepole. "Siku ile. Ilikuwa ndefu, inaburuta chini. Mama yangu alisema mtoto huyu mdogo sana kwa miaka kumi na mitatu… Kumbe ni wewe!"

Mwenzetu mmoja akakohoa. Mwingine akatazama maua.

Mzee Tibor hakumtazama Ajzner. Alinitazama mimi.

"Mara ya kwanza uliniweka mbele ya watu mia mbili wasionijua," akasema. "Leo umeniletea watatu wanaonijua. Mara ya tatu utaleta redio?"

Mlango ukafungwa. Hakuubamiza.

Garini nilitamani ardhi inimeze pamoja na gari lenyewe.

Ijumaa, 23 Septemba

Sijala. Yonina hakusema hata "mhm".

Jumatatu, 26 Septemba

Siku nne nimekaa nangoja habari ienee. Namjua Ajzner. Mtu huyu akijua asubuhi bei ya samaki imepanda, mchana inajulikana mpaka Sydney. Kila simu ikilia naruka. Leo nikashindwa, nikamfuata dukani kwake.

"Umemwambia nani?"

Akaacha kukunja masanduku. "Rabi, mimi nina mdomo mkubwa, kila mtu anajua. Lakini una mlango." Akaendelea kukunja. "Na wale wawili nimewaambia wakisema neno nitawaimbia mlangoni kwao kila asubuhi."

Miaka tisa nimemchukulia mtu huyu kama jiwe kwenye kiatu. Miaka tisa nimeandika mahubiri nikiwa namgombeza yeye kichwani. Nilimshika mkono, nikaondoka.

Nyumbani nikamwambia Yonina kwamba imebaki mara moja. Nikienda mara ya tatu akikataa, kisheria niko huru.

"Huru kwa nani?" akauliza.

"Kwa sheria."

"Sheria hiyo hiyo inasema kama uliyemkosea ni mwalimu wako hakuna hesabu, unakwenda mpaka akubali. Au ukurasa huo ulirukwa?"

"Mzee Tibor si mwalimu wangu."

"Nani alikufundisha nyimbo zote za sala ulipokuja hapa hujui hata moja?"

Nimechukia anavyokuwa sahihi huku anakausha vyombo.

Jumapili, 2 Oktoba

Jana ilikuwa fainali ya mpira. Wakati tunasali sala ya jioni mtaa mzima ulilipuka kwa kelele, magari yakapiga honi, mtu akapiga tarumbeta barazani, nikaziba masikio. Leo jua likizama ni Mwaka Mpya. Mzee hajaja. Nimemtumia Bi Klári asali, amerudisha chombo kitupu, kimeoshwa, bila neno.

Jumatano, 5 Oktoba

Siku mbili za Mwaka Mpya zimepita. Ajzner aliimba. Watu waliinamisha vichwa, si kwa unyenyekevu. Bi Frania alinishika kwenye ngazi: "Rabi, nimefiwa na wazazi, na ndugu wanne, na bado sijawahi kusikia huzuni kama ile. Tibor anarudi lini?" Nikasema koo.

Siku ya Upatanisho ni Jumatano ijayo. Nimebakiwa na siku sita.

Nikasikiliza habari leo. Watoto wa visiwani bado wako visiwani. Mahubiri yangu hayakumtoa hata mmoja.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimekwenda peke yangu, bila shahidi. Mvua ilikuwa imekatika, lakini upepo ulikuwa unang'oa matawi. Bi Klári alifungua, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu, kisha akasogea pembeni.

Mzee alikuwa mezani palepale.

"Hii ni ya tatu," akasema. "Ukitoka hapa uko huru. Si ndivyo?"

"Sivyo, kama aliyekosewa ni mwalimu wangu. Hapo nitakuja mpaka miguu iote sugu."

"Nilikufundisha nini mimi? Hujui hata kushika sauti."

"Mwanafunzi mbaya naye ni mwanafunzi."

Akataka kucheka, akajizuia. Kisha akasema, "Kaa."

Nilikaa. Akawa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza.

"Unadhani nimekasirika kwa sababu watu watajua mimi si Tibor."

"Ndiyo."

"Mimi ni mzee, Rabi. Watanifanya nini, wanirudishe kambini?" Akakisukuma kitambaa. "Mama mkubwa hakuwahi kusema kwamba Tibor amekufa. Hata siku moja. Hakumkalia msiba, hakumsomea sala, maana ungemsomeaje sala mtoto aliyekaa mezani anakula supu? Aliniita Tibor tangu siku ile tulipopanda meli. Alipokuwa anakufa yeye, hospitalini, alinishika hapa," akajishika kifundo cha mkono, "akaniambia, 'Tibor, mwanangu, usife tena.' Tena, alisema. Unaelewa?"

Niliitikia kwa kichwa kwamba naelewa.

"Basi nilijiapia: maadamu hakuna anayelisema, yule mtoto hajafa. Amesoma. Ameoa. Ameota mvi. Nimembeba miaka sitini na sita. Halafu wewe ukasimama pale mbele, kwa sauti yako nzuri ya kuhutubia, ukasema: mtoto aliyekufa. Mbele ya watu mia mbili. Haidhuru hawakujua ni nani. Mimi nilikuwa nasikia. Sikuwahi kulisikia neno hilo likitamkwa, Rabi. Mpaka siku ile alikuwa hai. Umemuua ili upate mfano."

Jikoni maji yalikuwa yanatiririka kwenye karai. Yakafungwa.

Mimi nina aya kwa kila jambo. Mtu akifiwa nina aya, akioa nina aya, tairi likipasuka nina aya. Nilitafuta nikakuta hakuna. Nilisikia machozi yananishuka kwenye ndevu na sikuyafuta, maana kuyafuta nako kungekuwa ni kujionyesha. Na msamaha niliokuja kuuomba nikaona aibu kuutaja. Ningeuombaje? Nimekuulia ndugu yako, samahani?

Nikauliza kitu kingine, kwa sababu nilitaka kujua kweli.

"Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Mzee akanitazama kana kwamba nimemtemea mate. Kisha uso ukamlegea.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo," akasema.

"Nani angeuliza?"

"Ndiyo. Nani angeuliza." Akageukia jikoni. "Klári, hata wewe hukuuliza."

"Niliogopa," akasema Bi Klári toka mlangoni. Alikuwa na taulo mikononi.

Basi akasema. Kwanza kidogo kidogo, halafu hakuna wa kumzuia. Tibor alikuwa anatumia mkono wa kushoto na walimu wakimchapa kwa hilo. Aliiba jamu ya plamu akaisingizia paka, nao hawakuwa na paka. Alimfundisha Ervin kupiga mluzi kwa vidole viwili. Kambini alikuwa anampa mkate wake anasema ameshiba, na alikuwa mwongo, hakuwahi kushiba hata siku moja. "Na hakuweza kuimba," akasema Mzee, sasa anacheka na kulia pamoja. "Kabisa! Alikuwa kama Ajzner. Siku ya kwanza nilipoimba hapa Melbourne, sinagogini, nina miaka kumi na moja, watu wote wakageuka. Mama mkubwa akanyanyuka akatoka nje. Nilidhani amefurahi. Baadaye nikaelewa. Tibor wake hakuwa na sauti. Kila nikiimba nilikuwa namkumbusha kwamba mimi siye. Nikaacha miaka kumi na tano. Nilianza tena alipofariki."

Nilikaa mpaka ikabidi niondoke Sabato isinikute njiani. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumuuliza. Bi Klári alinipa chungwa la kwenda nalo.

Jumanne, 11 Oktoba

Saa kumi jioni. Tumeshakula chakula cha mwisho kabla ya kufunga. Jua litazama baada ya saa tatu na nusu hivi na kalamu lazima iwekwe mapema, kwa hiyo naandika haraka na mwandiko ni wa kuku.

Nilikuwa peke yangu sinagogini napanga vitabu, nina karatasi ya Ajzner mfukoni: amejiandikia wapi apumue katika sala ya kufuta nadhiri, maskini, kwa kalamu nyekundu. Mlango ukafunguliwa. Mzee Tibor, amevaa joho jeupe, viatu vya kitambaa, shali begani.

"Mwambie Ajzner akapumzike," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Kesho, kwenye sala ya marehemu, unaposoma majina. Ongeza na hili."

"Nitaongeza."

"Na Rabi." Akaishika karatasi kabla hajaiachia. "Usieleze."

"Sitaeleza."

"Hata neno moja. Wala mfano."

"Wala mfano, Mzee."

Akaiachia. Akapanda kwenye mimbari yake, akafungua kitabu, akaanza kujaribu sauti chini chini. Nimekuja nyumbani mbio kubadili nguo, na njiani kofia ilianguka mara mbili.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mfungo umekwisha jana. Naandika asubuhi, nje kuna jua la kwanza la kweli tangu Agosti.

Aliimba. Sala ile huimbwa mara tatu, ya kwanza taratibu, ya mwisho kwa sauti kuu, na watu wamesimama, na jua bado halijazama. Miezi kumi na moja nimekaa na njaa hii. Alipofika mara ya tatu nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili. Ajzner alijifunika shali kichwa kizima, mabega yanamtikisika. Sitaandika zaidi kuhusu hilo, maana nitaliharibu.

Jana mchana ikawa sala ya marehemu. Wenye wazazi hai wakatoka nje, kama tulivyozoea, watoto wakakimbilia bustanini, milango ikafungwa. Mwaka huu nami nilibaki ndani kama mfiwa. Nikaanza kusoma majina. Huwa ni mengi, na kila familia hungoja lake kisha hushusha pumzi. Nilisoma la Mama bila kukatika. Nikafika mwisho wa kitabu, nikafungua karatasi.

Ilikuwa na mstari mmoja, kwa wino wa buluu, mwandiko wa shule wa zamani.

Ulimi uliniwasha, nakiri. Watu mia mbili mbele yangu, na maneno matatu tu yangetosha kuwaandaa. Nilimtazama Mzee. Alikuwa amenipa mgongo, ameelekea sanduku la Torati, kama inavyompasa.

"Naftali bin Yehiel," nikasoma. "Miaka kumi na mmoja."

Jina hilo wanalijua wote. Tumemwita nalo mbele ya Torati kila Sabato kwa miaka. Nikaona vichwa vikigeukiana. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, kisha wawili, kisha Bi Frania akasimama kabisa upande wa wanawake, anashikilia kiti cha mbele yake.

"Rabi, umekosea!" akapaza sauti. "Toba! Huyo ni Tibor wetu, mzima, amesimama mbele yako!"

Sikujibu. Niliuma midomo. Nilikuwa nimeahidi, na sijawahi kupata tabu ya kunyamaza kama ile.

Mzee Tibor akageuka, akatutazama sote na uso wake umelowa.

"Hajakosea, Frania," akasema. "Huyo alikufa mwaka 1949. Mwacheni asome."

Nikasoma tena, tangu mwanzo wa mstari.